Mshale Huu Unaishia Wapi

Jumatatu, 3 Machi

Mvua imeanza, na Meneja naye ameanza.

Leo kwenye kikao cha halmashauri ya kiwanda ametutandikia mezani mchoro wa mshauri wa kukodiwa, karatasi kubwa yenye rangi tatu. Alizeti za wanachama zinaingia kwa lango la mbele, zinapepetwa, zinabanguliwa, zinapashwa moto, zinakamuliwa. Mafuta yanachujwa, yanasafishwa kwa soda kali, yanatoka kwa lango lile lile yakiwa ndani ya madumu. Kila mtambo una kisanduku chake. Chumba cha sabuni kimepigwa msalaba mwekundu.

"Kinakula kuni, kinakula mishahara, kinatapika sabuni ya kufulia," alisema Meneja. "Mkutano mkuu wa mwezi wa tano utapiga kura kukifunga. Wazee wangu, nawaomba mniunge mkono."

Wenzangu waliguna guno la kukubali. Mimi niliweka kidole kwenye kisanduku cha kusafishia mafuta. Soda ikishafanya kazi yake, chini ya pipa hubaki ute wa kahawia, mzito kama uji uliolala. Ndio unaopikwa sabuni. Kwenye karatasi ya mshauri, mshale wa ute huo ulishuka mpaka ukingoni, ukakatika.

"Mshale huu unaishia wapi?" nikauliza.

"Nje, Bibi."

"Nje ni wapi?"

"Nje ni nje, Bibi yangu."

Wakacheka. Nami nikacheka, kwa adabu. Lakini nimefundisha hisabati za wahandisi karibu umri wangu wote wa kazi, na sikuwahi kumpa maksi mwanafunzi aliyenijibu "nje".

Chumba cha sabuni kina wanawake tisa. Mkuu wao ni wifi yangu, dada wa marehemu mume wangu, ambaye kiwanda kizima humwita Mama Povu. Tunaishi nyumba moja tangu tulipofiwa na waume sote wawili. Yeye analipa kodi ya nyumba kwa ile sabuni. Pensheni yangu inatosha dawa za magoti na magazeti. Nilipomweleza akasema, "Huyo kijana hajawahi kufua hata soksi."


Jumanne, 4 Machi

Mvua. Nimenunua chaki.


Jumamosi, 8 Machi

Mama Povu alikuwa anakunja nguo, nami nikachora juu ya meza ya jikoni. Alinionya kwamba atakayefuta ni mimi. Nikakubali, nikaanza.

"Kitu ni duara," nikamwambia. "Mbegu duara, mafuta duara, ute duara, mvuke duara. Kazi ni mstari mnene. Kukamua mstari, kuchuja mstari, kupika sabuni mstari. Mshale hutoka kwenye duara kuingia kwenye mstari, au hutoka kwenye mstari kuingia kwenye duara. Duara na duara hayaunganishwi moja kwa moja. Ute haugeuki sabuni kwa kuitazama. Lazima pawe na kazi katikati."

"Kama mimi na wewe," akasema. "Bila kaka yangu katikati, ningekuona sokoni nikapita zangu."

"Sawasawa. Marehemu alikuwa mstari mnene."

"Mnene kweli, Mungu amrehemu."

Tulicheka mpaka nguo zikaanguka. Kisha nikamwonyesha jambo ambalo visanduku vya mshauri haviwezi kulisema. Mishale ikiingia kwenye mstari, yote inahitajika: kupika sabuni kunataka ute na soda na moto, kimoja kikikosekana hakuna sabuni. Lakini mishale ikiingia kwenye duara, mmoja unatosha: moto waweza kutoka kwenye tanuri lenu la kuni au kwenye boila ya kiwanda. Kwenye mstari ni "na". Kwenye duara ni "au". Ukiona visanduku vitupu hujui kipi ni kipi, na mtu asiyejua tofauti ya "na" na "au" asipewe kiwanda wala jiko.

"Tanuri langu usiliguse," akasema Mama Povu.

"Nalichora tu."

"Ndivyo anavyosema na Meneja."


Jumatano, 12 Machi

Nimechora mchoro mkuu kwenye ukuta wa chumba cha sabuni, maana karatasi zangu zote ni ndogo. Wanawake walinishikia ngazi, kila mmoja akinihofia kuanguka kuliko nilivyojihofia mwenyewe.

Mchoro mkuu hauchagui. Humo unatia kila kitu kinachowezekana, hata usichokipenda, hata ambacho hakijawahi kufanyika hapa. Mshauri alianza na kilichopo, akakata kwa jicho. Mimi naanza na kinachowezekana, nakata kwa sababu. Nikimaliza kuchora naanza kuhoji. Je, kila bidhaa tunayoitaka ina kazi inayoitoa? Je, kila duara lisiloingiwa na mshale ni malighafi kweli, au nimesahau linakotoka? Je, kila mtambo una njia, hata ndefu namna gani, ya kufika kwenye bidhaa? Asiyejibu anafutwa. Anayejibu anabaki, hata kama Meneja amemnunia.

Ute niliuchorea duara. Nilipouliza usipopikwa unakwenda wapi, wakaniambia dimbwini, nyuma ya kiwanda. Nikaandika "dimbwi" pembeni.

Meneja alipita. "Shikamoo, Bibi. Umeamua kupamba ukuta?"

"Marahaba. Naukagua."

"Mchoro si tumeshalipia?"

"Huo mlioulipia ni picha ya kiwanda. Huu ni wa viwanda vyote ambavyo kiwanda hiki kingeweza kuwa."

Alitazama muda mrefu kuliko nilivyotegemea. Kisha akatazama viatu vyake na kuondoka.


Jumatano, 19 Machi

Paa la jikoni linavuja pale pale pa mwaka jana. Mama Povu ameweka ndoo. Mimi nimechora duara.


Jumatano, 26 Machi

Leo nitaandika yote, maana najua kesho nitatamani kuyapunguza.

Mitambo ninayobishania ni kumi. Kila mmoja ama upo ama haupo, na hiyo peke yake inazaa mitandao, yaani namna za kukipanga kiwanda, elfu moja na ishirini na minne. Sheria za mchoro ziliua mingi mno: mtandao wenye kusafisha bila kuchuja hausimami, wenye sabuni bila moto hausimami. Iliyobaki niliipanga kama mti. Kwenye kila njia panda nilijiuliza: hata kama yote yatakayofuata yatakuwa ya gharama ndogo kuliko ninavyotegemea, je, tawi hili laweza kuushinda mtandao bora nilionao mkononi? Likishindwa, nalipogoa na watoto wake wote bila kuwatazama nyuso. Hapo ndipo utamu wa kazi hii. Mpumbavu hujaribu yote. Mvivu hujaribu moja. Sisi tunajaribu machache, na tunaweza kusimama mbele ya yeyote tukamweleza kwa nini mengine hatukuyajaribu.

Mtandao bora ulipotokea, haukuwa na chumba cha sabuni.

Nilihesabu tena. Nikahesabu kwa kuanzia upande mwingine. Jibu halikubadilika kwa sababu tu nilikuwa nimelikasirikia.

Mama Povu aliingia na mwavuli unaochuruzika. "Umepata?"

"Nimepata."

"Tunabaki?"

"Hapana."

Alisimamisha mwavuli pembeni, akauegemeza vizuri, akaurekebisha tena. "Lakini kalamu iko mkononi mwako, wifi. Ongeza hapa, punguza pale. Nani atajua?"

"Mimi."

"Wanawake tisa! Wewe unanihesabia watu tisa kama vifungo vya shati!"

"Nikiongeza hapa na kupunguza pale, Meneja akanikamata mara moja tu, hata nitakaposema kweli hataniamini mtu."

"Huwezi au hutaki?"

"Sitaki."

"Kaka yangu," akasema akielekea chumbani, "alioa mashine."

Basi na iandikwe hapa. Meneja hatanifanya niseme uongo kwa kunitisha, na wifi yangu hatanifanya niseme uongo kwa kulia. Lakini pia sitalifunga faili. Nimekuwa na majibu mengi maishani, na nayafahamu yaliyotulia. Hili halijatulia.


Jumamosi, 29 Machi

Chumvi imepitishwa mezani kwa mkono, si kwa neno.


Jumatano, 2 Aprili

Meneja amesikia. Kuta za kiwanda zina masikio, na yote yamepakwa mafuta. Alinisimamisha langoni mbele ya wapakiaji.

"Hongera, Bibi! Hisabati haina undugu!"

"Haina. Na haijamaliza kusema."

Wapakiaji waliona aibu kwa niaba yangu. Nimeiacha kwao, waibebe.


Jumamosi, 5 Aprili

Nimeujua ugonjwa wa jibu langu.

Kiwanda chetu kina milango miwili. Kinachotoka mlango wa mbele kina jina, kinapimwa, kinaagwa. Kinachotoka mlango wa nyuma kinaitwa taka, na kikishaitwa taka hakiulizwi tena. Hakuna aliyetunga sheria hiyo. Tumeikuta nasi tumeizoea. Mwanachama anaweza kuleta alizeti maisha yake yote bila kuuona mlango wa nyuma. Mimi niko kwenye halmashauri na nilikuwa sijawahi kuupita. Nilimcheka Meneja kwa kusema "nje", kisha mwenyewe nikaandika "dimbwi" pembeni ya duara, nikaridhika. Nilidhani jina la mahali ni jibu.

Leo nilivaa mabuti ya marehemu, nikaufuata mshale kwa miguu.

Dimbwi ni kubwa kuliko nilivyodhani, rangi ya chai iliyosahauliwa, na juu yake ngozi inayotetemeka mvua ikiipiga. Harufu sitaiandika. Mlinzi wa huko, wanayemwita Kamanda ingawa jeshi lake ni yeye na vibarua wawili, alikuwa anapanga magunia ya mchanga kwenye ukingo.

"Shikamoo, Bibi! Utateleza huko!"

"Marahaba. Unafanya nini?"

"Nalilisha."

"Unalisha nini?"

"Si hili dimbwi! Masika linataka magunia. Linataka dizeli ya pampu. Linataka mimi na hawa vijana kutwa kucha. Nikilinyima linashuka kule." Alinyoosha kidole kwenye mapaa ya majirani bondeni. "Mke wangu anasema nina mke mdogo. Namwambia, angalau huyu haongei."

Nilisimama pale mpaka mabuti yakazama. Kitu kinachopokea malighafi, kinachokula dizeli na kutaka watu, kisipotunzwa kinaharibika: huo ni mtambo. Tumekuwa na mtambo wa kumi na moja miaka yote hii, nasi tunauita nje. Magunia yake yanatoka ghala la mbegu, dizeli yake inatoka kwenye lori, Kamanda mwenyewe anahesabiwa na walinzi wa lango. Kila mtu anabeba kipande chake, kwa hiyo hakuna anayehisi uzito.

Tena dimbwi hili leo linapokea makombo tu. Ute mwingi unapikwa sabuni. Kifunge chumba cha sabuni, na wote utateremka huku.

Nilirudi nyumbani nimetapakaa mpaka kiunoni. Mama Povu alifungua mlango, akanitazama, akazungumza nami kwa mara ya kwanza tangu siku ile.

"Vua nje."

"Nje ni wapi?" nikasema.

Alijaribu kukaza uso. Hakuweza.


Jumatano, 9 Aprili

Nimeongeza mstari mnene ukutani na kuuandika DIMBWI kwa herufi kubwa. Mishale minne inaingia: ute, magunia, dizeli, watu. Meneja alikuja mbio, shati limelowa mabegani.

"Bibi, dimbwi si mtambo. Dimbwi ni shimo."

"Na boila ni sufuria. Tusibishane majina. Linakula au halili?"

"Linakula kidogo."

"Leo. Na ukilimwagia ute wote?"

"Tutachimba lingine."

"Kwa nini? Kama ni shimo tu, si linatosha?"

Mmoja wa wanawake alikohoa kikohozi ambacho hakikuwa na ugonjwa wowote. Meneja aligeuka. Wote walikuwa wanakata sabuni, macho chini, wacha Mungu kabisa.

Sipaswi kumwonea. Si mwizi, wala si mjinga. Alikabidhiwa kiwanda kinachochechemea akaambiwa akifanye kikimbie, na mtu aliye na haraka hukata anapoona mshono. Lakini sina sababu ya kumsaidia kukata.


Jumatano, 16 Aprili

Nimepogoa mti upya, na dimbwi likiwa na gharama zake. Matawi niliyoyatupa Machi nimeyaokota moja moja, maana yalihukumiwa kwa kipimo kibovu. Chumba cha sabuni kimerudi. Hakikurudi kwa huruma. Kimerudi kwa sababu kinakula kile ambacho vinginevyo kingetula sisi.

Ila hakikurudi kama kilivyoondoka. Mtandao bora hauna tanuri la kuni. Boila inatoa mvuke kwa ajili ya kusafisha mafuta, na mvuke huo ukimaliza kazi unamwagwa ukiwa bado wa moto wa kutosha kuchemsha masufuria ya sabuni. Unahitaji bomba tu. Tanuri likivunjwa, mahali pake panakuwa ghala la makapi ya alizeti, ambayo sasa yanalala uani yakinyeshewa mpaka boila inayakataa na kudai kuni. Makapi makavu yanawasha boila, boila inapika sabuni, sabuni inanywa ute, dimbwi linapungua. Ni ile "au" niliyoichora mezani tangu mwanzo. Sikuwa nimeipima ipasavyo.

Nilimweleza Mama Povu nikiwa nimekaa mbali kidogo.

"Yaani tunabaki."

"Mnabaki."

"Na tanuri langu linavunjwa."

"Ndiyo."

"Nililijenga kwa mikono yangu! Marehemu kaka yako..." Alikuwa amekasirika kiasi cha kuchanganya ndugu. "Marehemu kaka yangu ndiye aliyebeba matofali! Umeniokoa kichwa, umenikata miguu!"

"Ndilo jibu."

"Jibu! Jibu! Siku moja na wewe utapogolewa, tuone utalia kwa herufi gani."


Alhamisi, 24 Aprili

Meneja ameamuru ukuta upakwe chokaa. Anasema ni usafi. Katika miaka yote ya chumba kile, usafi haujawahi kukumbukwa.


Jumapili, 27 Aprili

Leo baada ya ibada wale tisa walijifungia chumbani wakauchora upya kwa kumbukumbu, kwa makaa ya tanuri badala ya chaki, maana chokaa nyeupe hupokea makaa vizuri sana. Aliyewaongoza ni Mama Povu, ambaye hajanisamehe na hakuniambia.

Nilipoitwa kutazama nilikuta kosa moja tu. Mshale wa kupika ulikuwa umegeuzwa, kwa hiyo kwenye kiwanda chao sabuni inageuka alizeti.

"Mkiweza hilo," nikasema, "sote tutastaafu."

Mama Povu alirekebisha kwa kidole. Tanuri lake alikuwa amelichora. Kisha, mwenyewe, pale pale mbele ya wenzake, alikuwa amelipiga mstari wa kulifuta. Mstari mwembamba, lakini alikuwa ameupiga. Kuna majibu ambayo ukiyasifu unayaharibu.


Ijumaa, 2 Mei

Mvua usiku na mchana. Kamanda ameomba magunia zaidi. Ameambiwa asubiri mkutano.


Jumamosi, 10 Mei

Meneja alikuja nyumbani na maandazi ndani ya mfuko, kwa hiyo nilijua ni jambo baya. Alitaka sahihi yangu kwenye mapendekezo ya halmashauri. Wenzangu wote wameshatia.

"Bibi, nakuheshimu kama mama yangu mzazi. Lakini ukisimama peke yako mkutanoni, wanachama watauliza kama mzee wetu bado anafaa kwenye kiti."

"Waulize. Ndiyo kazi ya mkutano."

"Sitaki udhalilike."

"Mwanangu, sikiliza. Nilianza kufundisha wakati wanaume wazima walikuwa wanaingia darasani, wananiona, wanatoka kwenda kutazama namba ya mlango. Unadhani utanitisha kwa kiti? Kiti nimekikuta, nitakiacha. Sahihi ni yangu. Nionyeshe mstari mmoja uliokosewa kwenye mchoro wangu, nami nitatia sahihi hapa hapa, kwa wino mwekundu ukipenda."

Alipindua karatasi yake, akaipindua tena. Mvua ilinisaidia, ikaongea kwa muda.

"Huna?" nikauliza.

"Bado," akasema.

Hilo neno nimelipenda. Aliondoka bila maandazi yake. Mama Povu, aliyekuwa amesikiliza nyuma ya pazia kama msichana, alitoka akaanza kuyala.

"Adui," akasema mdomo umejaa, "lakini ananunua pazuri."


Jumapili, 18 Mei

Magoti. Sikutoka.


Jumamosi, 24 Mei

Mkutano mkuu.

Niliamka na wazo moja, na lilikuwa la kihuni kidogo. Nilifika kabla ya wote nikiwa na mabuti na mwavuli, nikasimama kwenye lango la mbele. Kila mwanachama aliyefika nilimwambia, "Karibu. Leo tunaingia kwa nyuma."

"Kuna nini, Bibi?"

"Kuna kiwanda chako."

Wakulima ni watu wa heshima. Mwanamke wa umri wangu akinyoosha mwavuli, wanafuata unapoelekeza. Wengine walinung'unika kuhusu viatu. Walizunguka ukuta, wakapita kando ya dimbwi kwenye ubao mwembamba alioutandika Kamanda, mmoja mmoja, pua kwenye viwiko. Maji yalikuwa yamefika gunia la juu. Hakuna aliyehutubia. Kamanda alikuwa anasema tu, "Pole, pole, shika hapa," kama kondakta.

Meneja alipoona ghala linajaa watu wenye tope, alijua. Alinitazama kwa mbali. Sikukwepa macho yake.

Alieleza hoja yake vizuri, namsifu kwa hilo. Alionyesha karatasi ya rangi tatu. Alipofika kwenye msalaba mwekundu, mzee mmoja wa mstari wa mbele, mwanachama asiyenijua hata kwa salamu, alinyanyua kiatu chake kilichotapakaa.

"Huo mshale wa chini," akasema. "Unaishia wapi?"

Meneja alifungua kinywa. Niliona neno likija, na nikaona analitazama, na akalirudisha.

"Dimbwini," akasema.

"Hili tulilopita?"

"Hilo."

Kelele zikapanda mpaka mabati yakaitikia. Nilipopewa nafasi sikuhutubia sana. Niliwapeleka ukutani, nikawaonyesha duara na mstari, "na" na "au". Niliwaambia Machi nilipata jibu la Meneja, na nikaeleza kwa nini. Nilisema pia kwamba tanuri litavunjwa. Mama Povu alisimama nyuma, mikono kifuani, na mtu mmoja alipouliza kama wanawake wa sabuni wamekubali, alijibu, "Tumekubali. Hatujafurahi. Ni vitu viwili."

Mikono ilihesabiwa mara mbili. Chumba cha sabuni kimebaki, kwa mabomba ya boila, msimu mmoja wa majaribio.

Kisha mmoja wa wenzangu wa halmashauri akasimama kuomba kiti changu kipewe mtu "mwenye ushirikiano zaidi". Mikono ikanyanyuliwa tena, mingi ikiwa ile ile. Asubuhi wamenipa nilichotaka, mchana wamenivua nilichokuwa nacho. Niliwashukuru kwa yote mawili. Meneja hakunyanyua mkono wake. Niliona.

Njiani Mama Povu alinishika kiwiko kwenye utelezi.

"Sasa umepogolewa," akasema.

"Nimepogolewa."

"Unalia?"

"Kwa herufi ndogo."


Ijumaa, 30 Mei

Leo jua, siku nzima. Paa limekauka. Ndoo imerudi bafuni.


Jumatatu, 9 Juni

Tanuri limevunjwa. Mama Povu aliomba tofali moja. Sasa linazuia mlango wetu wa jikoni usijifunge. Masufuria yamechemka kwa mvuke, na sabuni ya kwanza imetoka laini mno. Anasema ni kosa la bomba. Baada ya wiki atasema bomba ni wazo lake.

Jioni Meneja alibisha hodi. Hakuja na maandazi, alikuja na karatasi iliyokunjwa. Nilitegemea barua ya kiwanda. Aliitandaza juu ya meza. Mchoro ulikuwa umepindapinda, lakini ulikuwa mchoro wa kweli: maduara, mistari minene, mishale kila mmoja mahali pake. Kiwanda kizima, na dimbwi ndani. Alikuwa amekichora mwenyewe.

"Uliniambia nikupate na mstari mmoja uliokosewa," akasema.

"Nilikuambia."

"Mstari haujakosewa." Aliweka kidole kwenye boila, na niliona jinsi alivyokuwa ameisubiri siku hii. "Ila unachoma makapi ya msimu mzima. Moshi hukuuchora, Bibi. Mshale wake unaishia wapi?"

Mama Povu aliacha kuosha vyombo. Alianza kucheka pole pole, akashika ukingo wa sinki.

Neno la kwanza lililonijia mdomoni lilikuwa "nje". Nililihisi kwenye ulimi, limekaa raha mustarehe kama mwenyeji. Nikalimeza.

Nilitoa chaki mfukoni, nikamwekea mkononi.

"Futa hiyo meza," nikamwambia, "vuta kiti, uanze na duara."